Masomo ya chuo kuhamia mtandaoni: bando analipa nani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja, tuijadili bila matusi.

Kila siku tunaambiwa vyuo vikuu vyetu hapa Tanzania vinaelekea kwenye masomo ya kidijitali na kwamba gharama zitapungua. Mimi mtandao siuchukii, shahada yangu ya pili nimeisoma nikiwa kazini, sehemu kubwa kwenye simu. Nagombana na hesabu tu. Mwanafunzi akikaa ukumbini, kiti, taa, feni na projekta ni vya chuo. Somo likihamia mtandaoni, simu ni yake, umeme wake, bando lake, na ada iko palepale. Hapo gharama imehama mfuko.

Kumbukeni Machi 2020. Vyuo vilifungwa kwa korona, wanafunzi wakarudi makwao, na vingi havikufundisha chochote mpaka tulipofungua tarehe 1 Juni. Na msiniambie mifumo haikuwepo. Vyuo vikubwa vilikuwa na Moodle, mfumo wa kuweka masomo na kazi mtandaoni, miaka mingi kabla ya hapo. Afrika Kusini mwaka huohuo serikali ilikaa na kampuni za simu, tovuti za vyuo zikafunguka bila kukata data, na wanafunzi wanaosomeshwa na mfuko wa serikali, NSFAS, wakapangiwa GB 30 kwa mwezi: 10 za mchana, 20 za usiku. Ndiyo, usiku. Mtoto wa watu akeshe saa nane na somo la takwimu! Lakini angalau kuna mtu aliyejiuliza atasomaje.

Msimamo wangu: chuo kisihamishe hata somo moja kabla hakijasema bando linalipwa na nani.

Mwalimu wa Namtumbo

Mkuu, unaongea kama mtu wa Dar. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kwa vitabu vya kuchapwa, na mitihani unafanyia kwenye kituo cha mkoa wako. Kisingekuwepo nisingekuwa na shahada. Niache kazi, familia na shamba nikapange chumba Dar miaka mitatu? Bando langu la mwezi halifiki nauli ya Songea–Dar kwenda na kurudi. Kwangu mtandao umepunguza gharama, tena sana.

Mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu. Wewe una mshahara. Sisi tuna boom, pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Bando tunalitoa humohumo. Lekcha moja ya Zoom ya saa mbili, na bado mhadhiri kazima kamera, anasoma slaidi ambazo unajua kabisa ni za miaka kumi iliyopita. Nikimaliza nashindwa kuamua nile au ninunue bando la kesho.

Niwaambie ukweli, chuo cha kidijitali tayari kipo: ni grupu la WhatsApp la darasa. CR, kiongozi wa darasa, anatuma PDF, mtu anatuma madesa, yaani noti za waliotutangulia, anayeelewa anarekodi sauti ya dakika nne, na siku ya mtihani tunafaulu au tunapigwa supu, mtihani wa marudio. Mfumo rasmi tunaingia siku ya kupakia kazi tu, saa tano na nusu usiku, wote kwa pamoja, na wenyewe unagoma.

Halafu Mei 2024. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti, za EASSy na Seacom, zilipokatika Jumapili ile, Jumatatu tulikuwa na kwizi ya mtandaoni. Waliokuwa na mtandao walifanya. Sisi wengine tuliambiwa tuandike barua.

Jirani kutoka Nairobi

Kwetu kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipewa hati Agosti 2023, makao yake Konza. Hicho kimejengwa kwa ajili ya mtandao tangu msingi. Naona ninyi mnajadili vyuo vilivyozidiwa na wanafunzi, vikakosa kumbi, vikakimbilia Zoom. Hayo ni mambo mawili, msiyaweke kapu moja.

Mhadhiri

Naomba nichangie kutoka upande wa pili wa skrini. Bando ni tatizo, nakubali. Ila hata mkipewa bando la bure kesho, mtakuta nini huko? Kozi yangu moja ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi zaidi ya 600. Kuandaa somo la mtandaoni likae vizuri, na video fupi, mazoezi na majibu ya maana, kunakula wiki nzima. Kwenye mgawanyo wa kazi halina saa hata moja. Zinahesabiwa saa za ukumbini. Kwa hiyo napakia PDF, nasepa. Si uvivu. Au labda kidogo.

Na tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, insha za nyumbani nimeacha kuzisahihisha kwa moyo. Zote zinafanana, zote zina Kiingereza kizuri kuliko changu. Nimerudisha jaribio la kalamu na karatasi, ukumbini, viti vimeachana. Tunafundishia mtandaoni, tunapimia kwenye karatasi. Mwaka jana nilifungua ukurasa wa maswali kwenye Moodle, wiki ya kwanza yakaingia mengi mno, nikaufunga.

Mleta mada

Jirani, hoja yako naibeba. Mwalimu, nakuondoa kwenye hukumu yangu. Huria ulikichagua mwenyewe, huyu dogo alilipia ukumbi akapewa kiungo cha Zoom. Msimamo wangu narekebisha: bando kwanza, na saa za mhadhiri zihesabiwe, la sivyo somo libaki ukumbini.

Mhadhiri, swali moja. Ulipoufunga ule ukurasa, wanafunzi uliwaambia?

Mhadhiri

Hapana. Na hakuna aliyeuliza.

Mwaka wa pili

Tungeulizia wapi?