SNAP (msaada wa chakula wa serikali) Marekani: saa 80 za kazi zinahesabiwaje?

Swali: Habari wakuu. Mtu wa miaka 57, haishi na mtoto, anafanya usafi saa 12 kwa wiki. Barua inadai saa 80 kwa mwezi. Afanyeje asikatiwe msaada wa chakula?

Jibu: Ndugu, saa 12 kwa wiki ni kama 52 kwa mwezi, bado 28. Ajazie kwa kazi ya kujitolea au mafunzo yanayotambuliwa na ofisi ya SNAP. Kutafuta kazi peke yake hakuhesabiwi, na hapo wengi hukwama. Atunze hati za mshahara, na barua ya msimamizi yenye tarehe, saa na sahihi.

Jibu: Kwanza aulize kama anasamehewa sharti la saa 80. Sheria ya Julai 2025 ilipandisha umri wa mwisho wa wanaobanwa na sharti hilo kutoka 54 hadi 64, ndiyo maana barua imemfikia. Kama anaumwa, daktari aandike wazi kwamba hawezi kufanya kazi. Kutaja kisukari tu hakutoshi. Anayemtunza mgonjwa asiyejiweza naye husamehewa.

Jibu: Akishindwa, ana miezi 3 tu ya kupata msaada bila kutimiza saa hizo katika miaka 3. Akikatwa, atimize saa 80 ndani ya siku 30 mfululizo, kisha aombe upya. Tafadhali asiitupe barua hiyo!