Brashi ya hewa au makopo ya kupuliza kwa kifaru cha modeli?

Msasa400: Wakuu, habari za jioni. Kifaru changu cha kwanza nimeshamaliza kukiunganisha, kimebaki rangi. Mwezi huu hela inatosha kitu kimoja: brashi ya hewa (ile kalamu ya kupulizia rangi) na kompresa yake ndogo ya kusukuma hewa, au makopo ya kupuliza na brashi za mkono. Nataka kichakae, kionekane kimetoka matopeni. Nichukue kipi?

BabaPacha: Hela inatosha ndiyo shilingi ngapi? Kifaru gani, skeli ipi? Unapulizia uani au chumbani? Ukificha hivyo tutakupigia ramli tu.

Msasa400: Samahani mkuu. T-34/85, kile cha Warusi, 1:35. Laki mbili na nusu. Nipo Sinza, chumba na sebule, dirisha moja.

Mama_Gundi: Dirisha moja? Brashi ya mkono na rangi za kampuni ya Vallejo. Ni ya maji, harufu kidogo, unapaka tabaka jepesi mbili tatu. Za kampuni ya Tamiya, zile za akriliki, usizipake kwa mkono, tabaka la pili linabandua la kwanza.

BabaPacha: Tamiya ndiyo rangi. Ichanganye na spiriti ya isopropili, puliza, imekauka. Vallejo kwa joto letu inaganda kwenye ncha ya sindano kila saa.

Mama_Gundi: Tone la dawa ya kuchelewesha kukauka, kaka. Usilaumu rangi.

Kigamboni35: Mnabishana rangi, mwenzenu niliuawa na vanishi. Masika ya mwaka jana nina Sherman, kazi ya miezi minne. Imebaki vanishi isiyong'aa, ya kopo. Mvua ikakatika, nikatoka barazani nipulize chapchap. Kurudi kuangalia, kifaru cheupe kama kimemwagiwa unga wa muhogo! Unyevu umenasa ndani ya vanishi. Nikaongeza tabaka nikidhani litafuta, ukungu ukazidi. Wife akaniuliza, "Hicho ndiyo cha kwenye theluji?" Kipo kabatini hadi leo, sitaki kukiona. Na hiyo kompresa, bila kichujio cha maji, hapa pwani mpira wake unatema matone juu ya rangi. Subiri kiangazi kwanza.

Msasa400: Kiangazi?? Leo hii tu nimeshaona mbali.

KutuTupu: Mchakao je? Puliza rangi ya kutu, juu yake dawa ya nywele ya kupuliza (hair spray), halafu kijani cha akriliki. Sugua na brashi yenye maji, kijani kinabanduka vipandevipande.

Msasa400: Dawa ya nywele ya saluni?

KutuTupu: Hiyohiyo.

MzeeWaMinyororo: Vijana mnaozesha vifaru kama meli iliyozama. T-34 nyingi ziliungua kabla kutu haijazifikia. Kutu weka kwenye bomba la moshi, na minyororo pale inapogusa ardhi iwe inang'aa kama kijiko. Tena vumbi la huko si letu. Mimi Type 59 yangu ya Vita vya Kagera niliisagia udongo mwekundu halisi, nimeuleta na basi.

BabaPacha: Si zilikuwa T-55 zile?

MzeeWaMinyororo: T-55 alikuwa nazo Amin. Zetu za Kichina, 59, na 62 zile nyepesi.

KutuTupu: Mzee, udongo unauchujaje? Wangu unabaki mabonge kama mawe.

MzeeWaMinyororo: Soksi ya nailoni ya mkeo. Omba kwanza, usichukue kimyakimya.

Msasa400: Wakuu, na kompresa?

Mama_Gundi: Mzee, hiyo Type 59 tupia picha.