Jioni yako: baraza la bao na kahawa, au tamthilia nyumbani?

Kijana_wa_Ngambo
Salamu wakuu. Natoka kazini saa kumi na moja, nafika nyumbani kichwa kizito. Mwaka mzima jioni zangu zimekuwa za tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Naanza saa mbili, nikishtuka saa sita, na asubuhi naamka nimechoka zaidi ya jana. Wiki tatu hizi nimerudi barazani kwa wacheza bao, na naona naondoka pale mwepesi. Mliojaribu yote mawili, mnachagua lipi?

MzeeWaKete
Bao, mwanangu. Mashimo 32, kete 64, na kila mmoja anaanza na 22 mkononi. Ukiwa unanamua, yaani unaingiza kete za mkononi ubaoni, huwezi kuwaza deni la dukani, maana ukipepesa macho nyumba yako, lile shimo lako kuu, imeliwa. Tena utamu wenyewe uko kwa watazamaji. Huyu anakuhesabia, yule anakuzomea ukipoteza mtaji, yaani nafasi ya kula kete za mwenzako, mara maneno yamehamia bei ya samaki.
Nilipofiwa na mke wangu nilijifungia. Walionitoa ndani ni wenzangu wa baraza. Hawakuniuliza kitu, walinipisha tu nikae nicheze. Tamthilia haibishi hodi.

BintiKikwajuni
Shikamoo babu, na pole sana. Lakini baraza hilo ni la wanaume. Mimi nikienda kukaa Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, usiku na kikombe changu cha kahawa, kesho mtaa mzima unanijadili. Tamthilia naitazama na mama, shangazi na majirani wawili, sinia ya kachori katikati. Tunaanza kumgombeza mama mkwe wa kwenye televisheni, tunamalizia na ya nyumbani kwetu ambayo pengine yasingesemwa kabisa. Shangazi alilia hapo siku moja, na tulikuwa hatujui kama ana jambo.
Kaka, hebu tuambie: unatazama na nani?

MamaPacha_Temeke
Mimi nikikaa tu nimelala. Natembea na jirani yangu nusu saa baada ya chakula, siku tano kwa wiki. Hiyo inafika dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri, na bure.

Nesi_wa_Zamu
Mbona hakuna aliyeitaja kahawa? Kafeini huchukua kama saa tano hivi kupungua nusu mwilini, na kwa wengine zaidi. Vikombe vinne vya kahawa chungu saa tatu usiku, saa nane bado unahesabu boriti za dari. Baraza lako zuri, lakini usiku chukua chai ya tangawizi. Na anayetazama simu kitandani hana nafuu yoyote kuliko mnywa kahawa.

MzeeWaKete
Marahaba mjukuu wangu, umesema kweli kuhusu baraza. Na nesi pia. Mimi kahawa naikomesha alasiri.

Kijana_wa_Ngambo
Dada, swali lako limenipata. Natazama peke yangu chumbani, kwenye simu. Jumamosi nitawaita wadogo zangu sebuleni tutazame pamoja. Siku za kazi nitakuwa barazani, mwisho saa tatu. Mzee, mnakaa wapi? Kunamua bado kunanisumbua.

MzeeWaKete
Nakutumia ujumbe nikuelekeze. Njoo Alhamisi baada ya alasiri, uwahi kabla hawajajaa.