Mgomba wa baridi, Kniphofia au tangawizi ya maua? Nanunua wiki hii, nisaidieni

MamaTatu
Wadau habari za Jumapili. Nimeweka kando pauni 60, nataka mmea wa kudumu usio wa kawaida kwa bustani ya nyuma hapa Uingereza. Majirani wote wana mawaridi na lavenda, mimi nataka mtu akichungulia ukutani aulize "hicho nini?" Nimechuja vimebaki vitatu: mgomba wa Musa basjoo, Kniphofia thomsonii (maua kama mienge, naambiwa asili yake milima ya kwetu) na tangawizi ya maua, Hedychium 'Tara'. Muuzaji ana punguzo la vuli mwisho Ijumaa. Nichukue upi?

KobeMzee
Mama, umesema yote isipokuwa yale tunayoyahitaji. Uko mji gani? Udongo gani? Jua linaingia saa ngapi? Mtu wa Cornwall kusini kwenye joto na mtu wa Aberdeen kaskazini kwenye baridi hawapewi jibu moja.

KihambaBristol
Mgomba. Funga uzi. Wangu una mwaka wa sita. Majani yakishaungua na baridi, Novemba nayakata, shina nalizungushia wavu wa kuku, najaza nyasi kavu ndani, juu nafunika mvua isiingie. Mei nafungua. Hata shina likifa, kitako kinachipua chini. Ndizi zake haziliki lakini, nasema mapema usije ukaalika watu mtori.

SitiWaMwembe
Mgomba gani huo usiolika? Upepo wa hapa ukipita siku moja majani yote matambara. Shoga yangu, tafuta Impatiens tinctoria. Ni wa kwetu pia, uko Ethiopia, Kenya, Uganda. Maua meupe yenye doa la zambarau kooni, jioni yananukia. Waethiopia mizizi yake wanapaka mikono na miguu kama hina. Ukiulizwa ukutani una hadithi ya kumpa mtu mpaka chai ipoe.

KobeMzee
Siti, hakuuliza huo.

SitiWaMwembe
Kauliza kisicho cha kawaida. Nimemjibu.

MamaTatu
Samahani wakubwa. Niko Leicester. Udongo mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanasimama siku mbili. Jua ni kuanzia saa saba mchana.

KobeMzee
Nilijua tu. Sasa nikusimulie yangu, mnivumilie ni ndefu. Oktoba 2022 nilinunua tangawizi tatu na Kniphofia mbili, vyungu vidogo, punguzo hilohilo. Kibandiko kimeandikwa H4, maana yake inastahimili mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri. Nikafurahi, nikazipanda siku hiyohiyo kwenye mfinyanzi kama wako, nikaweka matandazo ya gome la mti, nikalala. Desemba ile mnaikumbuka, baridi ilishika karibu wiki mbili, bomba la nje likapasuka. Machi nikaenda kutazama. Tangawizi nilizivuta kwa vidole viwili, zikatoka kama uji wa ulezi, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Zote tatu. Kniphofia moja ikafuata, moja ikapona, na iliyopona ndiyo niliyoipanda kwenye tuta lililoinuka. Kati ya tuta hilo na kaburi la mwenzake hazifiki mita mbili. Baridi ilikuwa moja, ila hii ya tuta haikulala majini. Ile H4 ni kwa udongo unaopitisha maji, na kibandiko hakikusema. Nilipompigia muuzaji akaniambia "mimea ni bahati". Pauni 70 zangu bahati!

Njoro_Reading
Pole mzee, ila kosa halikuwa Kniphofia. Nimeziona milima ya Aberdare, Kenya, zikimea kando ya vijito na kwenye majimaji. Maji ya kiangazi haziyaogopi. Ni yale ya Januari yaliyoganda yanayoua. Na watu wasitishwe na kununua vuli: ardhi bado ina joto la kiangazi, mizizi inapata wiki kadhaa za kujishika kabla ya baridi. Ndiyo maana mimea ya mizizi mitupu, isiyo na udongo wala chungu, huuzwa kipindi hiki.

KobeMzee
Kwa mmea uliozoea baridi, sawa. Tangawizi na mgomba ni wageni. Wakae chunguni ndani ya stoo isiyoganda, wapandwe Mei. Vuli unanunua, hupandi.

SitiWaMwembe
Halafu hiyo "vuli" mnayoitaja. Vuli ni mvua, jamani. Mvua ndogo, Oktoba mpaka Desemba, watu wanapanda. Hapa majani yanapukutika kila kitu kinakufa mnaita vuli?

Njoro_Reading
Shuleni tulifundishwa hivyo, "autumn" ya Kiingereza ni vuli.

SitiWaMwembe
Mwalimu wako hakuwahi kulowa na vuli.

KihambaBristol
Mnatoka nje ya mada. Mgomba. Ila dada usije ukafanya kama binamu yangu, alibeba vichipukizi viwili vya mgomba kutoka Moshi, kavifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Uwanja wa ndege wakavichukua, na maswali nusu saa. Mmea wa kupanda lazima uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Kinachochekesha, mkungu wa ndizi aliokuwa nao wakamwachia! Tunda ruhusa, mama yake marufuku.

Njoro_Reading
Kanga ikarudi?

KihambaBristol
Kanga ilirudi. Shangazi aliuliza kanga kwanza, mgomba baadaye.

MamaTatu
Mmenichekesha. Kwa hiyo niinue tuta? Mwenye nyumba nadhani hatajali nikichimba.

KobeMzee
Mwenye nyumba??

MamaTatu
Ndiyo, tumepanga. Mkataba unaisha Agosti.

KobeMzee
Mama Tatu! Siku nzima tunabishana udongo wa mtu mwingine!

SitiWaMwembe
Vyungu basi. Vikubwa, tundu chini, changanya kokoto. Ukihama unahama navyo. Ila chungu kinaganda kuliko ardhi, Desemba sogeza ukutani au ingiza ndani.

KihambaBristol
Mgomba chunguni unakubali, wangu mdogo uko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Maji mengi kiangazi na mbolea kila wiki, unakula kama mtoto wa kiume.

Loughborough_Mtaani
Nasoma kimya tangu asubuhi. Niko nusu saa kutoka kwako. Kniphofia thomsonii ninayo, inatambaa chini kwa chini, imeingia mpaka kwenye vitunguu vyangu, wiki ijayo naigawa. Usinunue. Njoo na ndoo na koleo, lete na viatu vya matope.

MamaTatu
Mungu akubariki. Jumatano natoka kazini saa kumi, nitakuja. Sasa zile pauni 60 je?

KihambaBristol
Mgomba.

SitiWaMwembe
Impatiens!