Nimewekwa kwenye kamati ya kuamua kitabu kiondolewe maktaba ya shule au kibaki. Nisemeje?

Mama wa Wawili:
Habari za jioni wanajukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi, na kikao ni Jumamosi.

Kuna wazazi wamempelekea mwalimu mkuu orodha ya vitabu 6 wanavyotaka viondolewe maktaba ya shule wanayosoma wanangu. Kinachopigiwa kelele zaidi ni riwaya moja ya vijana. Imeundwa kamati ya watu 7, nami nimo upande wa wazazi. Kila mjumbe amepewa karatasi moja tu, fotokopi ya ukurasa wa 112, mistari minane imepigiwa wino mwekundu kwa rula. Ushahidi wote ndio huo. Kitabu chenyewe hatukupewa.

Nikaenda kukiazima mwenyewe, nikakimaliza kwa usiku mbili. Ni habari ya msichana wa miaka 13 anayenyanyaswa kingono na mjomba anayemlea. Ile mistari minane ni pale anapojaribu kumweleza rafiki yake yaliyompata. Anaanza, anakwama, anaanza tena kwa maneno ya kitoto. Ni mizito, nililia. Lakini ukifunua tu ukurasa wa 113, anaingia mwalimu wake wa hesabu, anaketi naye, anamsikiliza bila kumkatiza. Kuanzia hapo hadi mwisho ni habari ya mtoto aliyeaminiwa. Fotokopi imeishia kabla hajaaminiwa.

Naogopa, wapendwa. Nikikitetea nitaambiwa natetea uchafu mbele ya watoto, na binti yangu ana miaka hiyohiyo 13. Nina na kidonda changu. Nikiwa na umri wake, marehemu baba alinikuta na kitabu nilichoazimwa na rafiki. Akakitazama jalada, akakitia motoni. Hakuniuliza kinahusu nini wala nimeelewa nini. Sikuacha kusoma, ila tangu siku ile nilisoma kwa tochi chini ya shuka, na sikumuuliza tena mtu mzima swali lolote kuhusu nilichokisoma. Mengine niliyaelewa vibaya kwa miaka mingi.

Hoja gani itasimama pale mbele? Na je, kuna utaratibu unaofuatwa kwenye mambo haya? Natanguliza shukrani.

Mkutubi Mstaafu:
Mama, pole, na hongera kwa kukisoma. Sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza.

Nimekaa maktaba miaka 26. Malalamiko ya namna hii yalitufikia, na utaratibu wetu ulikuwa huu. Mlalamikaji anaandika kwa mkono wake: ni kitabu gani, kimemkera nini, amekisoma chote au sehemu, na anataka kifanyweje. Wajumbe wote wanakisoma tangu jalada hadi jalada. Muda wote huo kitabu kinabaki rafuni, kwa sababu ukikitoa kwanza ndipo ukijadili, umeshahukumu. Mwisho uamuzi unaandikwa pamoja na sababu zake. Anza na swali moja tu kikaoni: ni nani hapa amekisoma hadi mwisho?

Hakikisheni pia, kabla ya lolote, kwamba maoni ya kamati yatafuatwa. Marekani kuna kesi iliyofika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, ikaamuliwa 1982. Wajumbe wa bodi ya shule walirudi na orodha ya vitabu waliyoipata kwenye mkutano, wakaamuru viondolewe maktabani. Ikaundwa kamati ya wazazi na walimu kama yenu, ikapendekeza baadhi vibaki, na bodi ikapita kando ya mapendekezo hayo. Wanafunzi wenyewe ndio walioshtaki. Majaji waligawanyika sana, lakini hukumu iliyoongoza ilisema bodi haiwezi kuondoa kitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo.

Na mtu asikwambie "tukitoe kwa sasa, tutakirudisha". Kitabu cha Galileo kilichotetea kwamba dunia hulizunguka jua kilipigwa marufuku na Kanisa Katoliki 1633, na hakikuachwa nje ya orodha ya vitabu vilivyokatazwa hadi toleo la 1835. Ni zaidi ya miaka 200. Kukiingiza kitabu kwenye orodha ni kazi ya asubuhi moja, kukitoa kunahitaji mtu wa kukikumbuka.

Baba Watatu:
Naomba nisikilizwe bila kutukanwa. Mimi nipo upande wa wale wenye orodha, ingawa si shule yenu. Mwanangu wa mwisho ana miaka 8. Kama maktaba ni moja kwa wadogo na wakubwa, anaweza kukiokota kitabu hicho kama anavyookota cha picha za wanyama. Nina haki ya kumlinda. Kwa nini kisiwekwe kabatini, kifungwe kwa ufunguo, na anayekitaka alete barua ya mzazi? Hapo hakuna aliyepigwa marufuku.

Mama wa Wawili:
Ndugu yangu Baba Watatu, hakuna wa kukutukana. Hata mimi nisingependa mtoto wa miaka 8 akutane nacho peke yake. Kukipeleka rafu ya wakubwa nakubali kwa moyo mmoja. Na ukimwambia mwanao "hiki bado", ni haki yako, sina neno. Tofauti yetu inaanzia pale unapomwambia na binti yangu.

Ila hiyo barua ya mzazi imenifanya niweke simu chini nitafakari. Yule msichana wa kitabuni anaishi na mjomba. Mlezi wake ndiye mjomba. Barua angeandikiwa na nani?

Mwalimu wa Zamu:
Hapo kwenye barua, naongezea nililoliona kwa macho yangu. Shule niliyofundisha awali kulikuwa na kitabu cha mambo kama hayo. Ukitazama kadi yake ya nyuma, hakijaazimwa hata mara moja, na mtu angesema hakina msomaji. Lakini kilikuwa kimechakaa, kurasa za katikati zimelegea. Kuna msichana alikuwa anakuja mapumziko ya saa nne, anachuchumaa kati ya rafu mbili za mwisho, anasoma kurasa chache, anakirudisha kikiwa kimegeuzwa mgongo ndani asikione mwingine. Hakukiazima kwa kuwa kadi inaandikwa jina. Nilimwona, nikajifanya sijamwona, nikaanza kuwa nakaa meza ya karibu kila saa nne. Baada ya wiki kadhaa alikuja kuketi pale. Yaliyofuata ni yake, siyasemi hapa. Kabati lenye ufunguo lingemaliza habari hiyo kabla haijaanza.

Baba Watatu:
Mwalimu, hilo sikuwa nimelifikiria. Rafu ya wakubwa, basi, bila ufunguo. Lakini wadogo wawe na rafu zao na mtu wa kuwaangalia.

Mkutubi Mstaafu:
Hilo, ndugu, ndilo nililokuwa nikiliomba kila mwaka wa bajeti.

Mama wa Wawili:
Nimerudi na majibu ya Jumamosi. Nililiuliza lile swali. Kati ya 7 tuliokisoma ni wawili, mimi na mwalimu wa lugha. Mama aliyeleta orodha alisema wazi kwamba karatasi ile alitumiwa na mtu, naye akaisambaza. Hakusema kwa ubishi. Ana binti pia, na alisema anachoogopa ni mtoto kusoma mambo hayo akiwa peke yake. Nikamsimulia kuhusu baba, tochi na shuka. Sikuwa nimepanga kulisema, lilitoka tu.

Kikao kimeahirishwa wiki tatu ili kila mjumbe asome. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakifungia drooni mwake. Nimeomba kirudi rafuni, kimerudi, rafu ya wakubwa. Nakala zipo mbili. Moja imebaki kwa watoto, nyingine itazunguka kwa wajumbe. Nilimpa yule mama awe wa kwanza. Jana usiku, saa tano, kanitumia ujumbe: "Nimefika 113."