Mbatata kutoka Makambako hadi Wete: nipitishe Tanga au Dar?

BiMbatata_Wete

Assalaam aleikum. Nauza mbatata, yaani viazi mviringo, kwa jumla hapa Wete, Pemba, mzigo nanunua Makambako. Unakuja na Fuso mpaka Tanga, unashushwa, unapakiwa kwenye jahazi la mashine, unavuka. Nauli ya gari naijua na ya chombo naijua. Kinachonila ni pale katikati. Mzigo wa mwisho Fuso lilifika Tanga mchana, nahodha keshatoka na maji. Magunia yakalala chini gatini, yamefunikwa turubai, na joto la Tanga mnalijua. Yalipofika kwangu yale ya chini yanatoka jasho, ukibonyeza mbatata kidole kinazama. Wateja wangu wa Konde na Micheweni wakayakataa, na wana haki yao.

Kuna mwenzangu ananiambia nipitishe Dar, gari lipande zima kwenye meli ya kubeba magari, lishuke Mkoani bila gunia kuguswa. Wenye uzoefu naomba mnifahamishe, na gharama msinifiche.

Mpakizi_Tanga

Waaleikum salaam dada yangu. Kazi yangu ni kupakiza mizigo ya Pemba hapa Tanga, na hili la mzigo kuozea gatini linaniuma kila nikiliona, kwa sababu linazuilika.

Anza na chombo, gari lifuate. Wengi wananunua, wanapakia, gari likifika Segera ndipo wanapiga simu kuuliza kama kuna jahazi. Wewe mpigie nahodha kabla hujalipa gunia hata moja, akwambie anatoka na maji ya lini. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa saa nne nne, asubuhi na usiku. Ukishajua hilo, hesabu kurudi nyuma: Segera, Chalinze, mizani ya Mikese, Kitonga, mizani ya Wenda, mpaka Makambako. Ongeza nusu siku ya pancha na foleni ya mizani.

Gari likiwahi, mzigo usishuke. Fungua turubai pembeni upepo upite, mlipe dereva pesa ya kusubiri. Utaona ni pesa nyingi, lakini kushusha chini na kupandisha tena unalipa makuli mara mbili na viazi vinapondeka mara mbili.

Halafu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi. Naomba nilisemee hili kwa nguvu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini huko shamba bado wanajaza mpaka linavishwa kilemba cha kamba juu, kwa kuwa nauli inahesabiwa kwa gunia. Njoo uone pale gatini. Kati ya gati na ubavu wa jahazi kuna ubao mmoja, unapanda na kushuka kadiri chombo kinavyoyumba. Kuli kabeba lumbesa shingoni, haoni anapokanyaga. Akifika katikati anaegemea upande, kilemba kinakatika, viazi vinamwagika baharini, na yeye mwenyewe anaponea chupuchupu. Agiza magunia ya kilo 50 au 60 yaliyoshonwa sawasawa. Kuli mmoja anayabeba moja moja bila kuburuta, na hesabu yako inakuwa safi kwenye manifesti, orodha ya mizigo ya chombo.

Ndani ya ngama, kule chini tumboni mwa chombo, simamia mwenyewe au mtume mtu. Maboriti yatangulie chini, maji ya ngama yasifikie gunia. Viazi visikae jirani na mashine, wala na madumu ya dizeli. Cheti cha afya ya mimea awe nacho mtu anayesafiri na mzigo, kisibaki kwenye gari linalorudi Makambako.

Meli ya magari ni nzuri, sikatai. Ila unalipia nafasi ya gari kwenda na kurudi, na dereva anakula siku zako Pemba. Utarudisha nini? Karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, huwezi kujibebea. Labda upate dagaa.

Dereva_Nyanda

Mimi naendesha Fuso njia hiyo. Mpakizi kasema kweli, ila kuanzia Juni mpaka Agosti mimi ningempeleka Dar. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likichafuka jahazi la Tanga linapigwa ubavuni njia nzima, na likizuiwa kutoka unakaa na viazi siku tatu. Meli kubwa inaweza kutoka siku ambayo jahazi limekatazwa.

Pia dada, pakia jioni. Ukitoka Makambako jioni baridi ya kule inasafiri na mzigo mpaka unashuka Kitonga. Ukipakia saa sita mchana umeshafungia joto ndani ya turubai.

Mpakizi_Tanga

Hapo kwenye kusi nakubaliana na wewe, kaka. Nyongeza moja: tangazo la TMA, mamlaka ya hali ya hewa, likisema upepo mkali, msimsukume nahodha kwa sababu viazi vinaharibika. Watu wa Pemba hawana haja ya kuelezwa ya MV Spice Islander, meli iliyozama ikienda Pemba mwaka 2011.

BiMbatata_Wete

Nawashukuru sana kaka zangu. Basi msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, nabaki Tanga, na nahodha nampigia kwanza. Kusi nitajaribu Dar, nimeshaongea na jirani yangu wa dagaa tugawane gari la kurudi. Gunia za kilo 50 wakulima wangu watanung'unika, maana wamezoea lumbesa. Mpakizi, nikikubali kulipia mwenyewe magunia na ushonaji, kule Makambako wanatoza vipi, kwa gunia au kwa siku ya kazi?

Dereva_Nyanda

Kwa gunia, dada. Na uzi nunua wewe, wao wanaweka mshono wa mbali mbali.