Texas: marudio ya kura za maoni kesho yake ya sikukuu, hivi wanatuonaje?

Wakuu, hili limenichosha. Hapa Texas mgombea asipovuka nusu ya kura za maoni za chama chake, wawili wa juu wanarudiana. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni tarehe. Tunapiga kura mwanzoni mwa Machi, marudio ni Jumanne ya nne ya Mei. Wiki 12! Hadi hapo nani bado anafuatilia?

Mwaka 2024 yaliangukia Mei 28, kesho yake ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa. Kura ya mapema ilikuwa siku tano tu, Mei 20 hadi 24, Jumatatu mpaka Ijumaa, hakuna Jumamosi hata moja. Sasa mbeba boksi anayeingia ghalani alfajiri, au mama anayetunza wazee zamu mbili mfululizo, aende saa ngapi? Siku yenyewe Dallas iliamkia dhoruba, vituo vingi havina umeme, ikabidi upigaji kura uongezwe hadi saa 3 usiku. Dhoruba haina wa kulaumiwa, lakini ukishapewa siku chache hivyo, ikiharibika moja imekula kwako. Na siku hiyohiyo Dade Phelan, Spika wa Bunge la jimbo wakati huo, aliponea chupuchupu kwa kura zisizofika 400.

Msiseme tusubiri Novemba. Maeneo mengi ya uchaguzi yamechorwa yawe ya chama kimoja, kwa hiyo anayeshinda Mei ndiye mbunge.

Utetezi wa waliopanga tarehe hii ni sheria ya shirikisho ya 2009, kwamba wanajeshi na raia walio ng'ambo watumiwe karatasi za kura siku 45 kabla. Ndiyo maana mwaka 2011 marudio yalitolewa Aprili yakapelekwa Mei. Mbona jimbo la Georgia wameweza? Sheria yao ya 2021 imeshusha pengo kutoka wiki tisa hadi nne, na walio ng'ambo wanapanga wagombea kabisa, wa kwanza, wa pili, wa tatu, hivyo kura yao ya marudio inakuwa tayari imo.

Wiki nne mimi sizitaki, kura za posta zitachelewa. Kwa mpango huohuo wa kupanga wagombea, turudishiwe wiki sita kama 2010, Machi 2 kisha Aprili 13, na Jumamosi mbili za kura ya mapema.

Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida miaka ya witiri tu, siku 140 kuanzia Januari. Mwenye uraia anayeishi huku, mwandikie mwakilishi wako kabla hawajaanza kikao.